Uzoefu wangu na saa ya rubidiamu LPRO-101: ikiyumba, anza kukagua kilicho nje yake

LPRO-101 ni saa ya atomu aina ya rubidiamu, kisanduku cha chuma kinachobebeka kwa mkono mmoja, kilichotoka kampuni ya Efratom kwa ajili ya mitambo ya mawasiliano. Mitambo ya zamani ilipong'olewa, visanduku hivi viliingia sokoni kama mtumba, na changu nilikipata kwa njia hiyo. Kinatoa megahezi 10. Karakana kwangu Dar es Salaam natengeneza redio za boti na za walinzi, na vifaa vyangu vyote vya kupimia masafa vinalifuata pigo la kisanduku hiki.

Nasema mapema kwamba ningekinunua tena bila kusita. Kilichonifanya niandike ni kwamba wengi wanaonunua saa hizi huona namba zinacheza, wakahukumu taa imechoka, wakakamata bisibisi na kufungua. Kwangu, karibu kila tatizo la uthabiti nililolifuatilia mpaka mwisho lilikuwa nje ya kisanduku.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Ndani kuna taa ndogo ya mvuke wa rubidiamu. Mwanga wake unapita kwenye chupa ya kioo yenye atomu za rubidiamu-87, kisha unaangukia kwenye kihisi. Pembeni kuna kristali ya kawaida, na masafa yake hukuzwa hadi karibu gigahezi 6.834682611, ambayo ni masafa ya hizo atomu. Yakilingana sawasawa, atomu hunyonya mwanga zaidi kidogo na kihisi huona upungufu. Saketi inafuatilia upungufu huo na kuivuta kristali irudi mahali pake. Kwa hiyo megahezi 10 unazopata zinatoka kwenye kristali. Atomu kazi yao ni kuisahihisha. Chochote kinachogusa mwanga, joto la chupa, uga wa sumaku unaoizunguka au umeme unaoilisha, kitaonekana kwenye masafa.

Kabla ya jambo lolote, pima umeme ukiwa kwenye pini za kisanduku chenyewe, usipime kwenye pawa saplai. Saa hii inataka kati ya volti 19 na 32, na wakati wa kupasha moto inavuta mkondo mkubwa kuliko inapotulia. Adapta dhaifu au waya mwembamba unaangusha volti wakati huohuo, na saa inashindwa kufunga, yaani kristali haishikwi na masafa ya atomu, au inafunga na kuachia. Mimi nimeilisha kwa betri mbili za risasi za volti 12 zilizofungwa mfululizo na chaja yake. Zikiwa zinachajiwa zinakaa kwenye volti 27 hivi, ndani kabisa ya kiwango, na umeme wa nyumba ukikatika saa haijui. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: rubidiamu ikizimwa na kuwashwa tena hufunga ndani ya dakika chache, lakini huchukua masaa mengi kurudi kwenye masafa iliyokuwa nayo, na pengine isirudi palepale.

Kuna pini mbili za kukuambia hali ya ndani bila kufungua kitu. Pini ya BITE, ya kujipima yenyewe, volti yake hushuka chini saa inapokuwa imefunga. Pini ya taa hutoa volti inayoeleza nguvu ya mwanga. Kitabu chake kinataka iwe kati ya volti 3 na 14, na hushuka taratibu taa inavyozeeka. Yangu iko katikati na haijatikisika. Hapo ukishaona taa ni nzima na saa imefunga, lakini masafa bado yanahama, weka bisibisi chini na uanze kupima kwa utaratibu.

Kipimo ni mchepuko wa Allan, uliopewa jina la David Allan wa Marekani aliyeueleza mwaka 1966. Hauulizi tu masafa yanayumba kiasi gani; unauliza yanayumba kiasi gani ukiyapima kwa sekunde 1, kwa sekunde 10, kwa 100, hadi siku nzima. Ukichora grafu, kila ugonjwa una umbo lake. Kelele ya kawaida ya rubidiamu inashuka polepole kadiri muda wa kipimo unavyorefuka. Saa inayohama kwa mwelekeo mmoja inaipandisha grafu upande wa kulia. Kitu kinachojirudia, kama joto la mchana na usiku, kinaleta nundu, na kilele cha nundu hukaa kati ya theluthi na nusu ya muda wa mzunguko wake. Mzunguko wa siku moja unaonekana karibu na sekunde 32,000.

Natumia TICC, kaunta ya kupima muda ya TAPR, chama cha wapenda redio cha Marekani, na programu ya TimeLab ya John Miles, ambayo ni ya bure. Naipenda TICC, ila ujue mipaka yake. Uwezo wake ni kama pikosekunde 60 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), kwa hiyo kwenye sekunde 1 unachokiona ni kelele ya kaunta, wala si saa. Utaitambua kwa mteremko mkali: muda ukizidi mara kumi, mchepuko nao unapungua mara kumi. Rubidiamu yenyewe haishuki kwa kasi hiyo. Huanza kujitokeza baada ya makumi ya sekunde, na hapo ndipo grafu inapoanza kukueleza habari za saa yako.

Tatizo lililonichukua muda mrefu lilikuwa nundu kwenye dakika chache, nilipoilinganisha na rubidiamu nyingine ya kuazima. Mzunguko wake ulilingana na kiyoyozi kinavyowaka na kujizima. Ukizima kiyoyozi nundu inatoweka, na chumba kinakuwa tanuri. Dawa ilikuwa kuifunga saa kwa nguvu kwenye bamba nene la alumini na kuifunika kwa sanduku lenye matundu, ili upepo wa baridi usiipige moja kwa moja. Bamba linapoteza joto polepole, na mabadiliko ya chumba yanafika kwenye chupa yakiwa yameshapozwa makali. Usiiache wazi juu ya meza bila bamba: mwili wake hautakiwi kuzidi nyuzi 70, na joto linapunguza maisha ya taa.

Sumaku ni adui mwingine, na huyu haonekani. Chupa imezungukwa na koili inayotoa uga mdogo wa sumaku kwa makusudi, na masafa hurekebishwa kwa kuubadilisha uga huo. Kuna ngao za chuma, lakini ngao hazizuii kila kitu. Pawa saplai yenye transfoma kubwa ikisogezwa karibu, masafa yanaruka mara moja na kubaki huko. Kipimo chake ni rahisi: igeuze saa robo mzunguko, subiri itulie, uangalie tena. Ikibadilika, unajua uga wa nje unapenya. Tafuta mkao mmoja, kaza skrubu, usiiguse tena. Na kama unarekebisha masafa kwa volti ya nje, volti hiyo itoke kwenye chanzo cha volti kisichoyumba. Potenshiometa (kirungu cha kurekebisha volti) ya bei rahisi iliyoungwa kwenye pawa saplai inageuza kila badiliko la joto kuwa badiliko la masafa, halafu lawama zinaiangukia saa.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii kuliko mafundi wa Ulaya. Kwa muda mrefu wa kipimo, wengi wetu tunailinganisha rubidiamu na GPS, kwa sababu satelaiti zile zenyewe zina saa za atomu na zinasahihishwa kutoka ardhini. Kwa sekunde chache GPS inayumba kwa nanosekunde nyingi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Kwa siku nzima ni thabiti kuliko rubidiamu ya mtumba. Lakini mawimbi ya GPS hupita kwenye ionosfera, tabaka la juu la anga lenye elektroni huru, na ionosfera ya ukanda wa ikweta ndiyo yenye vurugu kuliko zote. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na tabaka nene la elektroni hujikusanya kusini na kaskazini yake. Dar es Salaam iko upande wa kusini, chini ya eneo hilo hilo. Jua likizama, tabaka linaweza kupasuka mapovu, ishara ikaanza kumetameta na kupotea. Huwa vibaya zaidi karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ya kilele cha shughuli za jua kama 2024.

Kwenye chati yangu ya kuilinganisha saa na GPS ilionekana hivi: mchana laini, kisha kati ya saa mbili usiku na saa sita mstari unachafuka, halafu alfajiri unatulia. Mtu atasema saa ina kichaa cha usiku. Rubidiamu mbili zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe katika masaa hayo hayo zilikuwa shwari, kwa hiyo tatizo lilikuwa upande wa kipokezi cha GPS. Nilihamia kipokezi cha masafa mawili, ZED-F9T ya u-blox. Kwa kuwa ionosfera inachelewesha kila masafa kwa kiasi tofauti, kipokezi kinalinganisha mawili hayo na kuondoa sehemu kubwa ya ucheleweshaji. Mmetometo mkali bado unakata satelaiti moja moja, na data ya usiku wa namna hiyo siitumii kusahihisha saa.

Antena nayo ikaguliwe. Chumvi ya bahari inakula konekta za juu ya paa, nguvu ya ishara inashuka kidogo kidogo, na huoni chochote mpaka ulinganishe na ilivyokuwa ulipoifunga. Ziba konekta kwa utepe wa mpira unaojishikiza wenyewe, na antena ipate anga wazi, mbali na ukuta na mabati yanayorudisha mawimbi.

Je, inakufaa? Kama kazi yako ni kusahihisha kaunta na redio, ndiyo kabisa. Kama unataka ishara safi kwa sekunde moja au chini yake, kwa mfano kuikuza hadi gigahezi nyingi, kristali nzuri ya oveni, yaani inayowekwa kwenye joto lisilobadilika, itakufaa zaidi. Na ukimpata muuzaji, mwombe picha ya mita ikionyesha volti ya pini ya taa na ya BITE baada ya saa kuwaka nusu saa. Asiyeweza kukupa picha hiyo, tafuta mwingine.