Spika, bayasi, kapasita au vidole: uzoefu wangu na ampi ya valvu ya wati 15

Ampi ya gitaa ninayoizungumzia ina valvu mbili za EL84 kwenye hatua ya nguvu, yaani ile inayoendesha spika, valvu tatu ndogo za 12AX7 mbele yake, spika moja ya inchi 12, na bayasi (volti hasi zinazoamua mkondo wa valvu za nguvu gitaa likiwa kimya) iliyofungwa kiwandani bila sehemu ya kuirekebisha. Nimebadilisha vifaa vyake kimoja kimoja na kusikiliza kila mara, maana ukibadilisha vitano kwa mkupuo hutajua kipi kimeleta nini. Kwa wanaobishana kama vifaa vina uzito kuliko mkono wa mpigaji, msimamo wangu ni huu: vifaa vichache hubadilisha sauti waziwazi, vingi havibadilishi kitu, na hakuna hata kimoja kinachocharaza gitaa. Ila ampi yenye kasoro fulani humficha mcharazaji mzuri, na hapo ndipo kulehemu kunapokuwa na maana.

Kwanza jinsi ya kupima, kwa sababu sikio hudanganywa kirahisi. Rekodi kipande kifupi gitaa likiwa limeingia moja kwa moja kwenye kompyuta, bila ampi. Kisha rudisha rekodi hiyo kwenye ampi kupitia kiboksi kinachoshusha kiwango cha mawimbi kifanane na cha gitaa. Sasa upigaji ni uleule kabla na baada ya badiliko, kwa hiyo tofauti yoyote utakayoisikia imetoka kwenye ampi. Maikrofoni isisogezwe hata kidogo: ukiihamisha sentimita 3 tu kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni, trebo hubadilika kuliko inavyobadilishwa na kapasita yoyote ya bei mbaya. Na kabla ya kulinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi zote mbili. Yenye desibeli moja zaidi itaonekana "nzuri" hata kama haina jipya.

Badiliko lililosikika zaidi ni spika, na halikuhitaji hata kufungua chesisi. Angalia mambo matatu: omu zilingane na za ampi (yangu ni 8), uwezo wa wati uzidi wa ampi, na usikivu wake, yaani sauti inayotoa kwa kila wati. Spika ya desibeli 100 ikiwekwa mahali pa ya desibeli 97 ni sawa na kuzidisha nguvu ya ampi mara mbili, jambo ambalo ni baraka jukwaani na kero chumbani. Celestion Vintage 30 ni ya desibeli 100 na imejaa midi ya juu. G12M Greenback ya wati 25 ni ya desibeli 98 na ni laini zaidi. Spika mpya huanza ikiwa ngumu kidogo, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza.

Bayasi ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Hapa tahadhari si ya kupamba makala: ndani ya ampi ya valvu kuna volti 300 na zaidi, na kapasita za kuchujia zinaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Tumia rezista ya kilo-omu 10, wati 5, yenye vishikio vilivyofunikwa, kuzimaliza kuelekea chesisi. Kisha thibitisha kwa mita kwamba zimebaki volti chache tu. Wakati wa kupima ampi ikiwa imewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni. Kama hayo ni mageni kwako, mpelekee fundi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kila EL84 inawekewa rezista ya omu 1 kati ya kathodi, yaani mguu wa 3, na ethi. Kila milivolti 1 utakayosoma hapo ni miliampia 1. Pima pia volti za anodi kwenye mguu wa 7. Yangu ilikuwa na volti 330 na miliampia 38 kwa kila valvu: zidisha, unapata wati 12.5, ilhali kikomo cha anodi ya EL84 ni wati 12. Mkondo wa kathodi unajumlisha na ule wa skrini (gridi nyingine ndani ya valvu), hivyo hali halisi ya anodi ni nafuu kidogo, lakini valvu zilikuwa zinachemka bila sababu. Kanuni ya asilimia 70, yaani kuiacha valvu itumie asilimia 70 tu ya kikomo chake ikiwa kimya, inatoa wati 8.4, na ukigawa kwa volti 330 unapata kama miliampia 25. Ukishapunguza mkondo, volti za anodi hupanda, kwa hiyo pima tena na ukokotoe upya.

Ili kurekebisha bayasi nilitumia trima (rezista ndogo inayozungushwa kwa bisibisi) badala ya rezista ya kudumu, na hapa wengi huharibu. Trima iwe upande wa ethi wa mgawanyo wa volti za bayasi, ikifuatana na rezista ya kudumu. Siku mguso wake ukikatika, bayasi inazidi kuwa hasi na valvu zinapoa. Ukiiweka upande wa pili, ikikatika bayasi inapotea, anodi zinageuka nyekundu, na transfoma inaweza kwenda nazo.

Matokeo? Noti za chini ziliacha kutapakaa, na tofauti kati ya kudonoa taratibu na kupiga kwa nguvu ikapanuka. Hilo lina upande wa pili: kelele za nyuzi zisizozibwa, kipigio kinachogusa uzi mara mbili, akodi ambayo kidole kimoja kimelegea, vyote vilisikika vizuri kuliko mwanzo. Ampi haikumwongezea mtu ufundi, ilimwondolea pazia.

Kapasita za kupitishia mawimbi ndizo zinazouzwa kwa maneno mengi zaidi. Nilitoa za mikrofaradi 0.022 za kiwandani nikaweka za jina kubwa zenye thamani ileile, na kwenye rekodi sikuweza kuzitofautisha. Hesabu inaeleza kwa nini: mikrofaradi 0.022 ikikutana na rezista ya mega-omu 1 hukata chini ya hezi 7 hivi, wakati uzi mnene wa E ni hezi 82. Kinachobadilisha sauti ni thamani, si rangi ya ganda. Ukishusha hadi 0.0022, mkato unapanda hadi hezi 72 na besi inaanza kupungua. Vilevile kapasita ya kathodi ya hatua ya kwanza: kwenye rezista ya kilo-omu 1.5, ukiitoa ya mikrofaradi 22 ukaweka ya 1, besi inapungua kwa karibu desibeli 6 na matope yanapungua. Kapasita ya senti chache, na inasikika kuliko seti nzima ya zile za kifahari.

Kapasita za kuchujia ni habari nyingine. Zikizeeka, mvumo wa hezi 100 au 120 (mara mbili ya masafa ya umeme wa ukutani) unapanda na besi inalegea. Kuzibadilisha ni matengenezo, wala si kuboresha. Kapasita za elektroliti zina upande chanya na hasi. Ukizigeuza zinaweza kupasuka.

Asiyetaka kulehemu anaweza kubadilisha valvu ya kwanza. 12AX7 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, 5751 ina 70, na 12AY7 ina kama 44. Zinaingia kwenye soketi ileile, na ukichukia unarudisha.

Sasa vidole. Niligeuza jaribio: ampi ileile, vitufe vilevile, gitaa lilelile, wapigaji wawili. Tofauti ilizidi ya spika. Mmoja alipigia karibu na brigi, akaziba nyuzi kwa kiganja na kuendesha distosheni kwa kitufe cha sauti cha gitaa tu. Wa pili alikuwa na nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila kitu kikatoka kimechafuka kwa kiwango kimoja. Hakuna kapasita ya kurekebisha hilo. Lakini pia hakuna zoezi la vidole litakaloondoa mvumo wa kapasita iliyokufa.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, inua ampi kutoka sakafuni. Spika ya inchi 12 hurusha trebo kwa mwali mwembamba, kwa hiyo ikielekea miguuni kwako utaongeza trebo hadi walioketi mbele waumie masikio. Kebo ndefu nayo hula trebo, kwa kuwa kila mita hubeba takribani pikofaradi 100. Na pikapu iliyo juu mno huvuta nyuzi kwa sumaku hadi noti ziyumbe.

Transfoma ya kutolea sauti sijaigusa. Kubwa zaidi ingeimarisha besi kwenye sauti ya juu, lakini ampi hii hutumika katikati ya bendi, ambako besi hizo ni kazi ya mpiga besi.