Kinga ya seramiki kwenye gari jipya: uzoefu wangu Dar es Salaam

Nimekaa na kinga ya seramiki, ile dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi na kukauka kuwa tabaka gumu, kwenye gari langu kwa zaidi ya mwaka. Joto la kaskazi limepita juu yake, masika yamepita, na bado naridhika na kazi ile. Nasema mapema kwamba hela yangu haikupotea. Ila faida niliyoiona ni tofauti na ile inayopigiwa debe mjini, na kuna tatizo moja ambalo hakuna muuzaji aliyenitajia.

Gari nilinunua jipya kabisa, bluu iliyokoza. Rangi hii inapendeza sana lakini haifichi kitu. Jua likipiga, kila alama ya kitambaa inaonekana. Naishi Kunduchi, ambako upepo wa bahari unaingia na chumvi yake mpaka uani. Kazini ni Upanga, na anayeegesha Upanga anajua habari za kunguru. Kivuli ni cha miti, miti ni makazi ya kunguru, na ukitoka ofisini mchana unakuta boneti imeshapigwa. Kinyesi kile kina asidi. Bati likichemka kwa jua, rangi inalainika kidogo, na kinyesi kikikaukia hapo kinaacha kovu lililofifia ambalo sabuni hailitoi.

Kinachoumia ni klia, lile tabaka la mwisho lisilo na rangi linalolipa gari mng'ao. Chini yake kuna rangi yenyewe, na chini zaidi praima, yaani rangi ya msingi. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi (maikroni 1,000 ni milimita moja), na klia peke yake mara nyingi ni kama maikroni 40 au 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Kila fundi anapopiga polishi ya kukata mikwaruzo anaila klia hiyo, na haioti tena. Ndiyo maana niliona heri nilikinge gari likiwa bado jipya kuliko kuja kulitibu baadaye.

Gereji ya kwanza niliyoulizia waliniambia kinga yao inadumu miaka 10, haikwaruziki hata kwa ufunguo, na kazi inaisha kwa saa mbili. Walinionyesha chupa iliyoandikwa 9H. Niliaga nikaondoka, kwa sababu 9H ni kipimo cha penseli: penseli zenye ugumu unaotofautiana zinasukumwa juu ya rangi, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye mtihani huo. Mchanga wa kawaida, ambao sehemu kubwa ni kwatzi, ni mgumu kuliko penseli yoyote. Kitambaa chenye mchanga kitaikwaruza kinga hiyo, na ufunguo utaikwaruza vizuri zaidi.

Fundi wa pili yuko Mikocheni. Huyu hakutaja bei mpaka alipoliona gari. Alilimwagia maji, akaliosha, akalikausha, halafu akachukua karatasi ya nailoni iliyofungia taulo mpya, akaniambia, "Dada, vaa hii mkononi, upitishe taratibu kwenye mlango." Nikapitisha. Mkono mtupu ulikuwa hauhisi kitu, lakini kupitia nailoni ile rangi ya gari jipya ilikwaruza kama msasa laini. "Hizo ni chembe za chuma na uchafu wa safari," akasema. "Gari jipya halimaanishi gari safi." Kisha akapulizia dawa ya kuyeyusha chuma, na pale penye chembe pakaanza kugeuka zambarau, michirizi ikashuka mlangoni mpaka sakafuni. Dawa ile ina harufu kali ya kiberiti, ukumbi wote ulinuka. Nilisimama pale nikiangalia mlango unavyotoa uchafu ambao nisingeamini kama upo.

Baada ya hapo alipitisha udongo maalumu wa kunasa uchafu uliobaki, pamoja na kilainishi, akapima unene wa rangi kwa kifaa paneli moja baada ya nyingine, akazima taa za juu na kumulika kwa tochi. Mistari ya duara ikatokea kwenye boneti na milango yote miwili ya kushoto. Hayo ni matokeo ya kufutwa kwa kitambaa kikavu siku ya makabidhiano, gari linapong'arishwa haraka ili mteja afurahi. Akaiondoa kwa polishi laini tu, akafuta mafuta yote kwa spiriti, ndipo akafungua chupa.

Chupa yenyewe ni ndogo ya kushangaza, mililita 50, na haikuisha. Alipaka kipande kwa kipande kwa sifongo iliyovishwa kitambaa, akasubiri dawa ianze kuonyesha rangi za upinde wa mvua, akafuta kwa taulo ya maikrofaiba, akaenda kipande kinachofuata. Gari likalala ndani. Nikaambiwa nisilioshe kwa sabuni kwa wiki nzima. Nilicholipa kilikuwa chini kidogo ya milioni moja, na kwa macho yangu sehemu kubwa ya hela ile ililipia maandalizi. Ukisikia mtu anakuwekea kinga kwa saa mbili, ujue anaufungia ndani uchafu na mikwaruzo iliyopo.

Sasa faida. Ya kwanza ni kuosha. Vumbi na tope vinateleza kwa maji peke yake kabla hujagusa gari, na kadiri unavyosugua kidogo ndivyo rangi inavyopona. Ya pili ni kunguru. Naweka karatasi laini iliyolowa maji juu ya kinyesi, naiacha kidogo, nainua. Kinatoka chote bila kusugua. Kwa mwaka wote boneti haijapata kovu hata moja, na mwenzangu ofisini mwenye gari la umri huohuo, anayeegesha chini ya mti uleule, tayari anayo kadhaa kwenye paa. Utomvu wa mwembe pia unatoka kwa urahisi ukiuwahi. Mng'ao ni mzuri, lakini nina hakika ungekuwa karibu uleule kwa polishi ile peke yake.

Tatizo lenyewe ni maji ya kisima. Mtaani kwetu wengi tunatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, na kinga ya seramiki inayafanya maji yajikusanye kuwa matone ya duara. Inapendeza kwenye video. Juani matone yale yanakauka yakiwa yamesimama, na kila tone linaacha duara jeupe la madini. Kwenye gari lisilo na kinga maji yanatandaa na kuacha utandu. Kwangu yalikuwa madoa, mamia ya madoa, juu ya bluu iliyokoza. Yakiwa mapya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji huyatoa, kisha unasuuza vizuri. Yakikaa wiki kwenye jua yanaanza kuila kinga yenyewe. Kwa hiyo gari langu linaoshwa asubuhi na mapema au jioni, kwa maji ya bomba ya DAWASA niliyoyahifadhi au ya mvua, na linakaushwa palepale kwa taulo kubwa. Ndoo ni mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga haikaribii. Kama huwezi kusimamia haya, na gari lako litaoshwa na vijana wa barabarani kwa sifongo moja ya magari yote, sikushauri ulipe hela hii.

Mawe ni suala jingine kabisa. Barabara ya Morogoro, kabla ya kufika Chalinze, lori lilinirushia kokoto na boneti ikapata kidonda mpaka praima. Kinga hii ina unene wa maikroni moja au mbili, haina uwezo wa kuzuia jiwe. Kinachozuia jiwe ni filamu ya uwazi ya polyurethane, aina ya plastiki, yenye unene wa maikroni 150 au zaidi, na bei yake kwa gari zima ni mara kadhaa ya niliyolipa.

Mwenye gari jeupe au la fedha, anayeegesha ndani, anaweza kuishi vizuri kwa nta. Nta ya karnauba, ile ya majani ya mti wa jamii ya mnazi unaomea Brazili, inang'aa sana lakini jua letu linaimaliza baada ya wiki chache. Silanti, yaani kinga ya kupaka kama nta ila ya kisintetiki, inadumu miezi kadhaa na unajipakia mwenyewe Jumamosi. Na kama gari bado liko yadi, waambie wasilioshe wala kulifuta, wakukabidhi na vumbi lake. Mimi hiyo ndiyo ingenipunguzia kazi ya polishi.

Mwezi ujao narudi Mikocheni. Kidonda cha boneti kitajazwa rangi, na filamu itawekwa kwenye bampa la mbele, ncha ya boneti na vioo vya pembeni tu, sehemu zinazokutana na kokoto. Fundi ameshaniambia rangi mpya ya pale kwenye kidonda lazima iachwe wiki kadhaa ikauke kabisa kabla ya kufunikwa, kwa hiyo nimepanga safari mbili.