Siku za joto na mtoto mdogo: beseni uani au safari ya ufukweni?

Kwa mtoto wa miaka miwili, mimi nachagua beseni. Unatia maji kidogo, unampa vikombe viwili na kijiko cha mbao, basi. Atamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile nusu saa nzima, ulimi nje, kama fundi aliyepewa kazi ya haraka. Akichoka, kitanda kiko hatua kumi tu. Ila usimwache hata dakika moja ukafuate simu ndani: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita 5, tena kimyakimya. Mkimaliza, mwaga maji yote na ulipindue beseni.

Ufukweni ni habari nyingine. Mawimbi, upepo, mashimo ya mchanga: hayo beseni haliwezi kumpa, na kama ana kaka au dada mkubwa, huyo ndiye atakayefurahi zaidi. Lakini mizigo yake! Taulo, kofia, nguo za kubadilisha, maji ya kunywa, krimu ya jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, inayopakwa upya kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Wa chini ya miezi 6 asianikwe juani kabisa. Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, muda uleule ambao wengi wetu ndio kwanza tunafika. Nendeni mapema, mrudi kabla ya usingizi wa mchana. Mchanga mtaendelea kuukuta kwenye viatu wiki nzima.