Kutu kwenye breki za IST yangu: kilichosaidia na kilichonila hela

Toyota IST yangu ilikaa Tanga miaka minne kabla sijahamishiwa Dodoma, na kule tulikuwa tunaishi Raskazone, upepo wa bahari unakupiga usoni ukifungua tu geti. Nilipofika huku na kuona nguo zinakauka ndani ya saa moja, nikajua habari ya kutu imekwisha. Kumbe ya Tanga nilihama nayo.

Januari nilipanda treni ya SGR kwenda msibani Dar, gari nikaliacha nje hapa Ilazo wiki mbili. Mvua ikapiga karibu kila siku. Narudi, nakuta diski za breki za mbele nyekundu kama udongo wa Kondoa. Nilipoliondoa zikakwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, mpaka mlinzi wa jirani akageuka. Nikaenda taratibu kuelekea kazini Mtumba, nikikanyaga breki kidogo kidogo pasipo na magari nyuma. Sikufika mbali, kelele ikaisha na diski zikang'aa.

Kama tatizo lako ni hilo tu, usinunue kitu. Diski ni chuma cha kusubu, na sehemu inayosuguliwa na pedi, vile vibao vinavyoibana ukikanyaga breki, haipakwi rangi, kwa hiyo usiku mmoja wa mvua unatosha kuiotesha kutu. Pedi zenyewe zinaifuta.

Langu halikuishia hapo. Wiki iliyofuata tulikwenda ukweni Kondoa, tukapitiliza hadi Kolo. Kwenye miteremko, kila nikikanyaga breki usukani unatetemeka mikononi. Tuliposimama, rimu ya mbele kushoto ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, ya kulia vuguvugu tu. Fundi wa kwanza niliyempelekea hapa mjini hata tairi hakufungua. "Mama, diski zimepinda hizo, nunua zote mbili na pedi zake." Nikamuaga.

Dukani nikanunua makopo matatu: dawa ya kupuliza ya kusafishia breki 9,000, dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi 14,000, na rangi ya fedha ya kupuliza inayovumilia joto 12,000. Kisha nikamwita kijana mmoja wa Chang'ombe anayefuata magari nyumbani. Ufundi wake 20,000.

Kijana alinifurahisha mapema. Gari lilipokuwa kwenye jeki, tairi alilolifungua akalilaza chini ya bodi, jeki ikiteleza lisitushukie. Diski ikagoma kutoka, imeganda kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu inapofungwa diski na tairi. Nilitegemea nyundo. Akanionyesha vitundu viwili vidogo vyenye nyuzi kwenye uso wa diski, akatia boliti mbili za spana 12, akazikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, hadi ikasema "tak!" ikaachia. Miaka yote nimeviona vitundu vile nikidhani ni vya urembo.

Nyuma ya diski ndipo Tanga ilipokuwa imejificha. Uso wa habu, hasa kuzunguka boliti za tairi, ulikuwa na magamba yaliyogandamana kama ukoko wa ugali. Diski ikikalia gamba moja tu inakaa upande kidogo, huo upande mdogo kama unyoya unakuwa mkubwa zaidi kule ukingoni diski inapozunguka, na unapokanyaga breki usukani unacheza. Diski yenyewe haikuwa imepinda! Tukasugua kwa brashi ya waya na msasa, habu na upande wa ndani wa diski, hadi kidole kikapita bila kukwama. Hapo hatukutumia kopo lolote.

Joto la gurudumu nalo lilikuwa na sababu yake. Kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, huteleza juu ya pini mbili, na ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa hiyo pedi ilibaki imekumbatia diski muda wote. Aliilowesha mafuta ya kupenya, akaizungusha polepole kwa spana ikatoka. Akataka kuirudishia grisi ya beringi. Nikamwambia, "Hapana mdogo wangu, hiyo inavimbisha mipira." Akacheka, "Dada, kumbe wewe fundi!" Nikatuma bodaboda ikaleta grisi ya silikoni.

Sasa makopo. Ya kusafishia breki naisifu bila kusita: inaondoa vumbi na mafuta, inakauka yenyewe, haiachi utelezi. Itumieni nje penye hewa, mbali na moto. Msithubutu kuweka mafuta ya kupenya badala yake kwenye diski au pedi, hamtasimama.

Dawa ya kugeuza kutu ndiyo iliyonila. Tuliipaka kwenye kitako cha diski, pale katikati pasipoguswa na pedi. Ikawa nyeusi tii, nikapiga na picha. Haikumaliza mwezi, ikababuka kwa joto. Pengine chini ya bodi ingefaa.

Rangi ya fedha ni nzuri mahali pake: kitako na ukingo wa diski, baada ya kuziba kwa gazeti na gundi ya karatasi sehemu ya kusugulia. Miezi minane sasa, bado ipo. Ila kijana, kwa mapenzi mema, wakati nimeingia ndani kuchemsha chai alipuliza na uso wa habu, tena mara mbili, ipendeze. Siku ya pili mtetemo ukarudi, mdogo lakini upo. Ikabidi tufungue tena, tung'oe rangi ile kwa msasa, tubakize chuma kitupu. Kurudi hakunitoza.

Tangu hapo nimekwenda Kondoa mara mbili na usukani umetulia. Rimu zote mbili nikizigusa zina joto moja. Kopo la rangi lilibaki nusu. Nimemalizia kwenye bawaba za geti.