Lili gani ununue Nairobi kabla ya kiangazi

Simama kando ya Ngong Road, penye vibanda vya miche, Jumamosi asubuhi, uliza "lili ni pesa ngapi?", na utaonyeshwa mimea mitano ya familia tofauti. Mmoja una majani membamba kama ya nyasi ndefu, mwingine yake ni mapana kama ya mgomba, wa tatu ni kitunguu tu ndani ya mfuko mweusi. Zote huitwa lili. Muuzaji hakudanganyi, ndivyo tulivyozoea kuziita. Tofauti ni kwamba moja itakupa rangi mwaka baada ya mwaka bila kukusumbua, na nyingine itachanua wiki mbili, halafu ikuachie kijiti. Kwa bahati mbaya, ya kijiti ndiyo yenye bei.

Mimi huzipima kwa kiangazi chetu, kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, wakati jua linawaka, mgao wa maji umebana na kila mtungi wa lita 20 una kazi yake jikoni. Mmea unaodai mtungi kila jioni nimeushusha kwenye orodha hii hata kama ua lake ni la kupigia picha. Naishi Donholm, kwenye udongo mweusi unaopasuka ukikauka hadi mkono unapita. Wifi yangu yuko Ruaka, kwenye udongo mwekundu unaokubali kila kitu. Tumekuwa tukigawana miche kwa miaka, kwa hiyo nimeiona ikikua pande zote mbili.

Ya kwanza: deilili

Jina lake la kitaalamu, Hemerocallis, limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni uzuri wa siku moja. Ni kweli tupu. Ua hufunguka asubuhi, jioni limesinyaa kama kitambaa kilicholowa. Wengi wakiona ua limenyauka kwenye mche huurudisha chini na kuondoka, na hapo ndipo wanapokosea. Usitazame maua, hesabu matumba. Bua moja linaweza kubeba kumi na zaidi, yakafunguka kwa zamu, na shada lililokomaa lina mabua kadhaa. Rangi inakaa wiki nyingi ingawa hakuna ua linalolala.

Si lili halisi. Chini hakuna kitunguu, bali mizizi minene kama vidole vya mtoto, na humo ndimo inamoweka akiba yake ya maji. Februari mmoja nilisafiri wiki tatu na hakuna aliyemwagilia hata kikombe. Niliporudi ncha za majani zilikuwa zimekauka, lakini mabua mawili yalikuwa yamesimama wima na ua la njano juu ya moja.

Muulize muuzaji kama majani hubaki mwaka mzima. Ziko aina zilizozoea kulala wakati wa theluji, na hapa, karibu na ikweta, hazipati usingizi huo, basi hudhoofika polepole. Kisha chukua tishu nyeupe, upanguse upande wa chini wa jani. Ikitoka na unga wa rangi ya chungwa, hiyo ni kutu, ugonjwa utakaoingia kwenye shada lako lote. Rudisha mche taratibu na usogee kibanda cha pili.

Kama una paka, ruka nafasi hii kabisa. Deilili na lili halisi huharibu figo za paka, na kwa lili halisi hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inatosha. Sisemi paka wa jirani anayekuja kuchimba kitanda chako cha maua. Huyo ni kesi nyingine.

Ya pili: agapanthasi

Hii asili yake ni Afrika Kusini, na ndiyo ile yenye mpira wa maua ya buluu au meupe juu ya fimbo ndefu. Kwangu huanza kuchanua karibu na Krismasi na kuingia nayo Januari. Mizizi yake husukumana hadi kupasua chungu cha udongo, jambo lililonigharimu chungu kizuri. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu, ila hauna ile sifa ya kuua figo za paka.

Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha kwenye simu picha ya agapanthasi ya waridi iliyokolea. "Mama, hii ikishika hutaisahau." Nikanunua tatu. Zikakaa mwaka na nusu, zikachanua, nyeupe pe. Sijaisahau kweli. Agapanthasi ina buluu, zambarau na nyeupe. Ukionyeshwa nyekundu au njano, hiyo rangi imetiwa na simu. Tangu siku ile nanunua mmea ukiwa na ua, au angalau tumba lililoanza kuonyesha rangi.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kinyongo chake. Ukiigawa, inaweza kususa msimu mzima kabla ya kuchanua tena. Deilili haina maringo hayo.

Ya tatu: kana

Ukitaka rangi inayoonekana kutoka getini, nyekundu, chungwa, njano yenye madoadoa, nunua kana. Ni rahisi, hukua haraka, na kwenye udongo mweusi haina mpinzani: masika ikigeuza bustani kuwa kidimbwi, wenzake wanaoza, yenyewe inanenepa. Tatizo ni kiangazi. Inakunywa. Kwangu huishi kwa maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi, na imeridhika.

Kila shina huchanua mara moja. Likimaliza, likate hadi chini ili machipukizi yapate nafasi, vinginevyo utabaki na msitu wa majani yaliyochanika. Na kwenye kibanda, epuka jani lenye michirizi ya njano inayofuata mishipa. Muuzaji atakwambia ndiyo mapambo, na kweli ziko aina zenye mistari iliyonyooka, safi, jani zima. Michirizi iliyokatikakatika na jani lililojikunja ni virusi, na hakuna dawa.

Ya nne, au ya kwanza kama una ukuta

Bogenvilia si lili wala haijifanyi. Lakini mwenye ukuta mtupu unaopigwa na jua asiponunua hii kwanza anajipunja. Nairobi inaijua: Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji miaka ya 1950 na 1960, ndiye anayekumbukwa kwa kuipanda kandokando ya barabara kuu. Hizo tunazoziita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijikombe cheupe katikati. Ikishashika, ukame ndio unaoipa rangi. Ukiinywesha kila siku itakulipa kwa majani na miiba.

Ya tano ni aramu, lile ua jeupe lililojikunja kama koni, tunaloliona sana kwenye harusi na mazishi. Ni zuri, ila linataka unyevu na kivuli cha mchana. Panda pale bomba linapovuja au maji ya tangi yanapomwagika. Mahali pengine pote litalegea Februari.

Iko pia lili yetu ya porini, ile yenye mpira mwekundu kama jua linalotua, unaochomoza ardhini mvua zikianza. Naipenda kuliko zote hizi. Lakini wakati wa kiangazi inalala chini ya ardhi, kwa hiyo haiwezi kushinda katika orodha hii. Ukiipata kwa mwenye kitalu anayeizalisha mwenyewe, chukua. Usiende kuing'oa kwenye msitu wa Karura.

Ya mwisho: lili halisi

Sasa tuje kwa malkia mwenyewe, lile ua kubwa lenye harufu inayojaza sebule. Hukaa mkiani kwa sababu moja tu. Kitunguu chake, kwa aina nyingi zinazouzwa, kinahitaji wiki kadhaa za baridi ya friji, nyuzi kama 2 hadi 5 hivi, ndipo kitengeneze ua. Julai yetu, ambayo inatufanya tuvae masweta mawili, haifiki popote karibu na hapo. Kitunguu unachonunua kilishapoozwa kabla ya kukufikia, ndiyo maana mwaka wa kwanza kinapendeza. Mwaka wa pili, changu kilitoa shina la urefu wa shibiri na majani sita. Mwaka wa tatu hata hilo halikuja.

Inunue kama unavyonunua shada la mezani: kwa sherehe, ukijua inapita. Kibonyeze kitunguu kwa dole gumba. Kiwe kigumu, magamba yake yawe yamejaa, kisiwe na ukungu wa buluu wala harufu ya kuoza.

Nafasi zinazobaki kati ya mashada zijaze kwa vitu vya bei ya soda: gazania na potulaka panapochomwa na jua. Kwenye kivuli weka impeshensi, ambayo kwao hasa ni huku Afrika Mashariki, ingawa wengi hudhani imekuja na meli.

Wakati wa kununua ni Oktoba na Novemba, vuli ikianza. Watu hukumbuka bustani Januari, wakati jua limeshaiva, wanapanda mche mchana na kulaumu muuzaji. Mvua ya vuli ndiyo mtunza bustani wa bure. Mizizi ikishuka Novemba, kiangazi hakiikuti juujuu. Kwenye udongo mweusi pandisha tuta kidogo, uchanganye samadi iliyooza vizuri na mchanga. Ruaka huko, shimo na karai la samadi vinatosha.

Kibandani, shika mche kwenye shina uuvute polepole. Ukitoka na udongo ukabaki mfukoni, ulipandwa jana. Geuza mfuko: mizizi michache nyeupe ikichungulia chini ni salama, mizizi iliyozungukana kama waya ni mche uliozeeka humo humo. Na majani yaliyomwagiliwa dakika hiyo hung'aa hata yakiwa na njaa, kwa hiyo usiharakishe, acha yakauke mkibishana bei.

Kabla ya yote hayo, pita kwa jirani. Deilili na kana zinapenda kugawanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, na mwenye shada kubwa huwa anatafuta pa kulipeleka. Zangu za njano zilitoka ng'ambo ya uzio, nilizibadilisha kwa debe la samadi.