Klista tupu kwenye theluji mpya: huduma ya kupaka nta siku ya mbio

Klista tupu, yaani ile nta ya skii ya tyubu inayonata kama gundi, bila kitu cha kuifunika, juu ya theluji iliyoanguka usiku uleule. Kwa anayeijua nta, hayo ni malalamiko kamili na angeweza kuishia hapo. Lakini huduma hii inaendelea kujitangaza kuwa ya mafundi wa mbio za masafa marefu, kwa hiyo nitaeleza walichokiharibu, ili anayetaka kuwakabidhi skii zake za klasiki, zile zinazohitaji nta ya kushika theluji ili zisirudi nyuma, ajue cha kuwauliza kabla hajalipa.

Hali ilikuwa hivi. Siku iliyotangulia theluji ililowa kwa jua, kulipoingia usiku ikaganda, ikawa punje ngumu za barafu. Kwa theluji ya namna hiyo klista haina mpinzani. Punje zilizoyeyuka na kuganda mara kadhaa hupoteza ncha zake na kuwa za mviringo. Haziwezi kuing'ang'ania nta ngumu ya kopo, badala yake huikwangua hadi ikaisha ndani ya kilomita chache. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kisha kabla hakujapambazuka ikaanguka theluji mpya, laini, sentimita mbili tatu, na hewa ikasimama kwenye nyuzi 0. Chembe za theluji mpya zina ncha kali. Zinajichoma ndani ya klista laini na hazitoki tena. Unyevu wake unaganda, chembe nyingine zinanasa juu ya zile za kwanza, na baada ya hatua chache mteremko unaushuka kwa kutembea, maana chini ya mguu kuna bonge la barafu lisilotaka kuteleza.

Nilipokwenda kuzichukua niliuliza swali moja tu: klista hii imefunikwa? Aliyekuwa mezani hakuinua hata uso. "Kaka, kipimajoto kinasema sifuri, chati inasema klista. Kama unajua kuliko sisi ungepaka mwenyewe."

Jibu hilo limenikera kuliko barafu yenyewe, kwa sababu ni la uongo. Chati haisemi hivyo! Chati ya nta ya mshiko, ile inayoizuia skii kurudi nyuma, hutenganisha theluji mpya na theluji ya zamani. Kwa nyuzi zilezile 0, upande mmoja unakupeleka kwenye nta ngumu ya zambarau au nyekundu, upande mwingine kwenye klista. Mtu aliyesoma upande mmoja tu wa karatasi hana haki ya kumfokea mteja. Na kipimajoto alichokitaja kilikuwa kimetundikwa ukutani. Kinachotakiwa ni joto la theluji: unakichomeka sentimita moja hivi chini ya uso, kivulini, unasubiri kitulie. Usiku ukiwa hauna mawingu, uso wa theluji hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Mchana hewa inaweza kufika nyuzi 5, lakini theluji haivuki 0. Kinachoongezeka ni maji. Ukiifinya kwenye kiganja cha glovu inakwambia mengi kuliko ukuta: ikimwagika kama unga ni kavu, ikishikamana kuwa donge ina unyevu, ikichuruzika imeshajaa maji.

Kazi sahihi kwa asubuhi ile si siri ya mabingwa. Eneo la mshiko, sehemu ya katikati ya skii chini ya mguu, linakwaruzwa kwa msasa namba 100 au 120. Inapakwa klista ya buluu, ile ya barafu, tabaka jembamba kabisa linalopigwa pasi ili liumane na msingi wa skii, yaani uso wake wa chini. Skii zinatolewa nje hadi klista igande kweli, ukiigusa isivutike. Ndipo, zikiwa nje na baridi yake, inapakwa nta ngumu ya zambarau juu yake, tabaka mbili au tatu. Tabaka la kwanza linagandamizwa kwa koki, kibonge cha kusawazishia nta, polepole bila kusugua kwa nguvu, maana msuguano unaleta joto, joto linailainisha klista, na ikichanganyika na nta ya juu umetengeneza matope yasiyoshika wala kuteleza. Ukimaliza una kitu kinachovumilia barafu ya chini na theluji mpya ya juu. Hii ndiyo klista iliyofunikwa. Klista si kitu cha jana, Mnorwei Peter Østbye aliipatia hataza mwaka 1913. Anayelipwa kuipaka anapaswa kujua inapokuwa adui.

Wao hawakuifunika, na hawakuipoza pia. Skii zilitoka kwenye chumba chenye joto moja kwa moja hadi mikononi mwangu, klista ikinyooka nyuzi nyuzi kwenye kidole. Hata klista iliyochaguliwa vizuri ikikutana na theluji ikiwa na joto itaganda barafu. Inahitaji dakika 10 hadi 15 nje, msingi ukiwa umeelekea juu au pembeni, usiguse chochote. Hilo ni suala la kuzitoa skii mlangoni mapema. Halihitaji ufundi!

Sasa niwe mkweli, kazi ya mtelezo, ile ya kuzifanya ncha na mikia ya skii ziteleze, waliifanya vizuri sana. Tangu msimu wa 2023/24 FIS, shirikisho la kimataifa la skii, imepiga marufuku nta zenye florini, kemikali inayofukuza maji, katika mashindano yake, na bila florini theluji yenye maji haisamehe uvivu: lazima michirizi ya msingi iwe mikubwa kiasi cha kuvunja utando wa maji unaofyonza skii chini. Waliichonga sawasawa, nta ikakwanguliwa yote, brashi ya shaba ikafuatwa na ya nailoni mpaka hakuna vumbi mferejini. Ncha na mikia ya skii zilikuwa zinakimbia. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tatu, pengine nne.

Halafu nikazigeuza skii na kupima walipoipaka klista, na nyota zikashuka tena. Waliivuta hadi alama yangu ya nta ngumu. Klista ni nene kuliko nta ya kopo, kwa hiyo eneo lake hufupishwa upande wa mbele kwa sentimita 5 hadi 10. La sivyo, hata ukisimama kwa miguu yote miwili inagusa theluji na kukukaba kwenye mteremko. Alama zote mbili nimezichora ubavuni mwa skii, kwa kalamu isiyofutika, moja ya nta na moja ya klista. Kipimo chake ni karatasi inayopitishwa kati ya skii na sakafu: uzito ukiwa kwenye skii zote mbili ipite bila kukwama, uzito wote ukiwa kwenye skii moja ibanwe. Hawakutazama.

Wala barafu ikishaanza kujijenga njiani hakuna uponyaji wa maana. Kusugua nta ngumu juu ya klista yenye joto ni bure, haishiki. Unakwangua barafu pamoja na klista mpaka ibaki filamu tu, unaiacha ipoe, ndipo unapaka nta ya baridi zaidi juu, na wakati huo kundi lote limeshapita. Kinyume chake ni rahisi: skii ikiteleza nyuma unaongeza tabaka, au unapaka laini zaidi juu ya ngumu, na unaendelea. Ndiyo maana kwenye hali ya mashaka fundi huanza upande wa ngumu. Na kwenye njia inayobadilika, kama Birkebeinerrennet ya kilomita 54 inayopanda mlimani kutoka Rena kisha kushukia Lillehammer, nta haichaguliwi kwa theluji ya mstari wa kuanzia pekee.

Msiilaumu klista yenyewe, tyubu ile ni nzuri na ninayo kwenye sanduku. Huduma? Nyota moja, na nyingine ya mtelezo, basi mbili. Nikikumbuka ile "ungepaka mwenyewe" narudi kwenye moja. Mbio zijazo nitawapelekea kazi ya mtelezo tu, eneo la mshiko likiwa limefunikwa kwa utepe wa gundi wa karatasi toka mwanzo hadi mwisho. Wakiugusa utepe huo hawatanipata tena.