Gari ya umeme Unguja: mwaka na miezi minane nnayo, haya ndo nnayoyaona

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusimamishwa. Mara sheli nimeenda kutia upepo tu, mara tunatoka msikitini ijumaa, suali ni lile lile, "hebu nambie kweli, hiyo gari ya umeme inafaa au umejitia mtihani?" na kabla sijafungua mdomo yupo mwengine pembeni keshanijibia, na wallahi hajawahi hata kuikalia.

Gari yenyewe ni ndogo, milango mitano, used ya Japani ya 2014, betri yake ilipokuwa mpya ni ya kilowati-saa 24. Kampuni siitaji, wala alieniuzia simtaji, nisije nikaonekana nampigia debe mtu au namchafulia. Kwenye dashi kuna vipande kumi na mbili vya afya ya betri, mie imenifikia na vipande tisa, na nilikuwa sijui hata ni vya nini, nikadhani ni chaji. Yule muuzaji kanambia "ikikaa inapanda hiyo". Haipandi jamani. Kipande kikishaanguka kimeanguka, ni kama jino la utu uzima. Kwa hiyo ushauri wa mwanzo kabisa ukitaka kununua hizi used, usiangalie rangi wala usiangalie kilomita, angalia vile vipande, na ukiweza mtafute kijana mwenye kale kamashine kanakochomekwa chini ya usukani kakaunganishwa na simu, kanakuonesha betri imebaki asilimia ngapi. Mie nilikuja kukajua baadae pesa ishatoka.

Nnakaa Fuoni, kazi Malindi, watoto skuli ipo njiani, mizunguko yote kwa siku haifiki kilomita 35. Ikijaa inanipa kama 90, nikitia ac na watu wamejaa nahesabu 75 sizidishi. Kwa hiyo natia chaji usiku mmoja naruka mmoja. Pesa ndo usiseme. Ile Toyota IST ya petroli niliyokuwa nayo kilomita 100 ilikuwa inakula lita nane na lita hapa ilikuwa inacheza kwenye elfu tatu, piga mwenyewe. Hii kilomita 100 ni yuniti (kilowati-saa) kama 17, kwa mita yangu ya tukuza, ile ya kununua umeme kabla, haifiki elfu saba. Oili ya injini hamna kwa sababu injini hamna, plagi hamna, feni belti hamna, breki pedi hazijaguswa maana ukiachia mguu mota yenyewe inaizuia gari na inarudisha umeme kwenye betri. Fundi wangu wa Mombasa (ya hapa hapa, si ya Kenya) kanuna mpaka leo, anasema nimemkata rizki.

Haya, sasa mtihani. Wiki ya mwanzo nilikuwa natia chaji kwa ekstensheni ya dukani, ile nyeupe ya matundu manne, nimeipitisha dirishani. Siku ya tatu saa nane usiku mke wangu kaniamsha, "kuna harufu ya mpira". Nimefika sebuleni ile plagi ishayeyuka imeganda kwenye tundu, ukuta mweusi. Gari hizi zinavuta ampia kumi masaa saba bila kupumzika, ekstensheni ya kuchajia simu na feni haikuumbwa kwa kazi hiyo. Nikamwita fundi umeme, kaja kacheka, kavuta waya mnene peke yake kutoka kwenye mita mpaka nje na breka yake, tukachomeka, chaja ikagoma kabisa inawaka taa nyekundu tu. Kumbe waya ule mpya hauna ethi, yaani waya wa kuteremsha umeme ardhini kukiwa na hitilafu! Ikachimbiwa chuma chini, ndo ikakubali. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ya gari mwambie aongeze na bei ya fundi.

Na hapa ndo pale watu wanapobishana bure. Shemegi yangu ana Alphard, gari kubwa ya mafuta ya kubebea watu, kazi yake watalii, asubuhi ya mapema Airport kwenda Nungwi, anarudi, anachukua wengine Paje, jioni keshapiga kilomita 200 na ushei. Yeye akisema gari ya umeme ni mchezo wa watoto yuko sawa, kwa gari kama yangu angelala njiani kila siku, na mgeni wa hoteli huwezi kumwambia subiri masaa matano tuchaji kwa mjomba Kinyasini. Lakini jirani yangu dada mmoja, mwalimu, anasomesha upande wa Tunguu, nae anayo kama yangu, yeye ukimuuliza anakwambia hairudii ya mafuta maisha. Ule msimu wa foleni za mafuta tuliosimama sheli masaa mpaka watu wanagombana, yeye alikuwa anatupita anapiga honi. Wote wawili wanasema kweli. Shemegi anaongelea Nungwi na mwalimu anaongelea Tunguu, kishaye wanakutana kwangu siku ya idi wanagombana kama vile wanaongelea gari moja.

Na kuna rafiki yangu anakaa yale majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne. Alipenda sana, keshaanza na kuuliza bei. Nikamwambia waya utaupitisha wapi? Utauteremsha ghorofa nne, uvuke njia ya watu, watoto wanacheza mpira hapo chini? Kakaa kimya. Na wa Mji Mkongwe ndo usiseme, gari inalala kule mbali karibu na soko na nyumba iko kichochoroni haipiti hata vespa vizuri. Watu wanauliza gari ina nguvu, ina spidi, mie siku hizi namuuliza mtu kitu kimoja tu, gari yako inalala wapi? Kama inalala uani kwako na mita ni ya kwako, tuzungumze. Kama inalala barabarani, au umepanga na mita mnachangia watu watatu, tafadhali baki na IST yako mtagombana mpaka mhamishwe.

Mzee mmoja wa barazani kwetu yeye hoja yake ni nyengine kabisa. Kila nikipita lazima anikumbushe, "nyie watoto mshasahau Disemba 2009". Haya sijasahau ami. Ule waya wa umeme wa chini ya bahari unaokuja Fumba kutoka Ras Kiromoni upande wa bara, ulikuwepo tangu 1980, ukaharibika Unguja nzima ikakaa giza miezi mitatu mpaka Machi 2010, watu wananunua barafu kwa vita na jenereta zinanguruma usiku kucha. Anasema "ingekuwa gari yako hiyo ungeifugia kuku". Kweli ningefugia. Lakini 2013 ukaja waya mwengine wa megawati 100 na giza la namna ile sijaliona tena, umeme unakatika ndio, masaa mawili, matatu, siku nyengine nusu siku, na gari yangu ina akiba ya siku mbili ndani yake. Imenikwama mara mbili tu, zote ni uzembe wangu wa kuchelewesha chaji mpaka ibaki asilimia kumi na tano. Sasa nina mwiko, ikifika thelathini inalala kwenye waya.

Ila siku iliyonikondesha khasa ni ya Makunduchi.

Wakwe zangu watu wa Makunduchi, na Mwaka Kogwa (sherehe yao ya mwaka mpya) wa mwaka jana mke wangu akasema lazima twende na gari yetu, hatupandi gari ya shamba na watoto. Nikapiga hesabu, kwenda tu ni kama kilomita 60, kurudi haiwezekani bila kuchaji. Tukatoka imejaa, bila ac, madirisha wazi, mwendo wa harusi. Pale msitu wa Jozani kwenye yale matuta waliyoweka kwa ajili ya kima punju, kila mtu anayalaani, mie nayapenda, unaachia mguu unarudishiwa umeme kidogo. Tumefika na asilimia 26. Nikaegesha karibu na dirisha la ukumbi, nikamwambia mkwe kwa adabu zote, mama naomba nichomeke gari. Kasema chomeka mwanangu, kwani inakula nini hiyo. Mie nikachomeka (nilibeba waya wangu mnene, nimeshakoma, na ethi niliishaiulizia mapema kwa shemegi mdogo aliejenga ile nyumba) tukaenda zetu kuangalia watu wanapigana mabua ya migomba.

Tunarudi magharibi nyumba giza. Jirani ana umeme, kila mtu ana umeme, kwa mkwe tu giza. Ile mita ya tukuza ishapiga kelele mpaka ikakata. Yule bibi wa watu anatia umeme wa elfu tano unamkalia wiki mbili, ana taa tatu na redio na friji analizima usiku, mie nimekuja na gari nimeunywa wote kwa mchana mmoja. Kakaa barazani na kibatari anatupungia mkono, hasemi kitu, na mkwe asiposema kitu ndo hatari. Mke wangu ananitazama jicho lile. Nikatoka pembeni na simu nikanunua yuniti za kunitosha mie na za kumtosha yeye miezi miwili, nikazibonyeza mwenyewe kwenye mita huku najikwaa na ndoo, taa zikawaka watoto wakapiga makofi. Tukalala huko huko, tukaondoka asubuhi. Kwa hiyo ukienda kwa watu na gari ya umeme, nunua yuniti KABLA hujachomeka, ndo adabu yake, sawa na kwenda na mkate au sukari.

Siku nyengine asubuhi gari haikuwaka kabisa, dashi jeusi, milango haifunguki kwa rimoti. Dakika kumi baraza zima liko uani kwangu, "betri imekufa hiyo, milioni ngapi sijui", mwengine anasema iuze chuma chakavu, shemegi huyo kashafika kwa mguu kushuhudia. Nami nishaanza kutoka jasho. Fundi umeme wa gari kaja, kafungua boneti, katoa betri ndogo ya kawaida ya volti 12 kama ya gari yoyote ile, kasema hii ndo imekufa. Gari hizi zina betri mbili, kubwa ya kuendea chini ya viti na ndogo ya kuwashia mitambo na taa, ndogo ikifa gari nzima imekufa hata kubwa iwe imejaa. Tukatia mpya ikawaka. Ila huyo huyo fundi alipoona zile nyaya nene za rangi ya machungwa kaondosha mkono haraka, na ndo fundi nnaemtaka, zile zina volti mia tatu na zaidi, akija fundi wa kubahatisha akazichokoa mtamzika. Mafundi wanaozijua hapa kisiwani ni wa kuhesabu, na hilo silifichi.

Joto nalo. Betri ya hii yangu inapoa kwa hewa tu, haina maji ya kuipoza, na jua letu la Januari mpaka Machi unalijua. Si sisi peke yetu, 2012 kule Arizona, Marekani, watu wenye Nissan Leaf walilalamika vipande vinaanguka kwa joto la jangwani. Mie nimeijengea kibanda cha makuti, na mchana wa jua kali siichomeki, nangoja usiku ipoe. Hata hivyo mwezi wa tatu kimeanguka cha tisa, sasa nimebaki na vinane, shemegi kila akija lazima achungulie dashi ahesabu kama mtu anaehesabu meno ya mbuzi wa kununua.

Na kuiuza? Hapo shemegi kanishinda, sibishani. IST ukisema unauza leo kesho kutwa ishaondoka, hii kila alietaka kaniuliza betri mpya shilingi ngapi, nikimwambia, simu inakatika. Mie nimeshaikubalia kuwa ni yangu mpaka ife.

Binamu yangu wa Wete anataka moja. Kule kwao namwambia chukua, Wete Chake kilomita 30, Pemba vilima tu, unapanda inakula unateremka inarudisha, ila achukue yenye betri ya kilowati-saa 40 kama pesa inaruhusu, na aanze na ethi. Mie pesa ikipatikana nitafanya hivyo hivyo, hii nimpe mke wangu ya sokoni na skuli.

Mtu pekee katika ukoo ambae hana neno baya juu ya hii gari ni mkwe. Juzi kapiga simu, salamu za watoto, za wakubwa, hali ya hewa, kisha anasema yuniti zinakaribia kumalizika huku, "lini mnakuja na ile gari?"